Kuzuia nguo kuchuja rangi kwenye mashine ya kufulia: mwongozo kwa nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe

Shati jeupe la shule likitoka kwenye mashine limegeuka waridi, lawama huiendea mashine. Mashine haina kosa. Nguo iliyochuja ilikuja na rangi iliyozidi tangu kiwandani, au tangu kwenye karai la aliyetengeneza batiki: rangi iliyokaa juu ya nyuzi bila kushikana nazo, na haikusuuzwa ikaisha. Maji ya kwanza yatakayoipata yataiondoa. Unachoweza kuamua wewe ni itokee wapi, kwenye ndoo ikiwa peke yake au ndani ya mashine ikiwa imebanana na shati jeupe.

Rangi ikishatoka, kinachoipeleka kwenye nguo nyingine ni nguo mbichi kukaa zimegusana kwenye maji kidogo. Nguo zinazozunguka dakika ishirini kwenye maji ya kutosha huambukizana kidogo kuliko zilizolala zimetulia saa mbili. Hatua karibu zote zilizoelezwa hapa zinatokana na jambo hilo.

Hakikisha kwanza ni rangi, si udongo

Kwa anayeishi Njombe, Makambako au Mafinga, maji mekundu baada ya kufua si ushahidi wa kutosha. Vumbi la huku ni jekundu, na suruali ya aliyetoka shambani au aliyepanda bodaboda hutoa maji ya kutisha hata kama rangi yake haitoki kabisa.

Chota maji ya kufulia kwenye glasi, uyatazame dhidi ya dirisha. Maji yenye rangi ya nguo hupitisha mwanga, yanang'aa kama chai ya rangi. Yenye udongo huwa na ukungu kama mto wakati wa masika, hayapitishi mwanga vizuri. Iache glasi nusu saa. Udongo utaanza kujikusanya chini, rangi itabaki ilivyo kuanzia juu hadi chini. Ikiwa ni udongo, nguo inahitaji kusuuzwa tu kabla ya kuingia kwenye mashine. Usipoteze muda na hatua zinazofuata.

Jaribio la kitambaa cheupe

Kila nguo mpya ya rangi kali ipimwe mara moja kabla haijaingia kwenye mashine: nyekundu, bluu iliyoiva, nyeusi, kijani kibichi, zambarau. Jinzi za mtumba nazo zipimwe. Watu hudhani mtumba umeshafuliwa mara nyingi hivyo hauna kitu, lakini jinzi ambayo haikuvaliwa sana bado inaweza kutoa rangi.

1. Tafuta kipande cha pamba nyeupe. Shuka kuukuu linafaa. Kata mraba wa sentimita 10.
2. Kiloweshe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, ukikamue kisidondoke.
3. Kiweke upande wa ndani wa nguo, kwenye pindo au mshono, na ukibonyeze kwa kiganja sekunde 30. Usisugue kwanza.
4. Kitazame. Kikiwa safi, geukia sehemu nyingine ya pindo na sasa usugue mara kumi.

Kikishika rangi kwa kubonyeza tu, rangi hiyo inayeyuka kwenye maji, na nguo lazima ipitie kwenye ndoo. Kikishika kwa kusugua peke yake, rangi imekaa juu juu na inang'oka kwa msuguano. Hiyo ndiyo tabia ya jinzi. Nguo ya namna hiyo igeuzwe ndani nje, zipu ifungwe, na isifuliwe na kitu cheupe hata ikizeeka. Kama kitambaa hakijashika chochote, fua na nguo za rangi inayokaribiana nayo bila wasiwasi.

Kwa khanga, pima kwenye pindo na pia pale rangi kali inapopakana na nyeupe. Khanga yenye mji mweupe na pindo jekundu ina hatari ya kujichafua yenyewe, hata ikifuliwa peke yake.

Ujue ni pamba au poliesta

Vitenge vya sokoni, kuanzia vinavyopitia Tunduma hadi vya Mwanjelwa, ni vya aina nyingi, na jina lililochapwa pembeni halikuambii kila kitu. Chomoa uzi mmoja pembeni, ushike kwa kibano, uuwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Uzi uliochanganywa hufanya yote mawili.

Faida yake ni hii: pamba ndiyo inayochuja zaidi na pia ndiyo inayopokea zaidi rangi ya wengine. Poliesta hupakwa rangi kiwandani kwa joto kubwa sana, kwa hiyo kwenye maji ya vuguvugu huwa imetulia, ila ikipigwa pasi kali inaweza kuachia rangi kwenye kitambaa cha kupigia pasi. Mashati mengi ya shule ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na ile pamba iliyomo ndiyo inayodaka uwaridi.

Kumaliza rangi kwenye ndoo

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kwa sababu mtu amenunua mashine ili aachane na ndoo. Kwa nguo mpya inayochuja, ndoo inahitajika mara moja, kwa kawaida, na baada ya hapo mashine inachukua kazi.

Kupima joto si lazima uwe na kipimajoto. Katika mwinuko wa Mbeya, ambao ni karibu mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Maji ya bomba ya Juni na Julai yakiwa nyuzijoto 15, vipimo vinakuwa hivi kwa ndoo yenye lita 10: lita 2 zilizochemka na 8 za bomba hukupa karibu 30, lita 3 na 7 hukupa karibu 40, lita 6 na 4 hukupa karibu 60. Tangulia kumimina ya baridi, kisha ya moto, na weka nguo mwisho. Iringa na Njombe tofauti ni ndogo, tumia vipimo hivyo hivyo.

Utaratibu:

1. Lita 10 za maji ya nyuzijoto 40, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga, ikoroge iyeyuke yote. Usitie magadi. Magadi huongeza ukali wa maji na rangi nyingi za pamba hutoka zaidi.
2. Ingiza nguo moja, au doti moja ya khanga ikiwa imetandazwa. Usiifungie fundo wala kuikunja.
3. Igeuze geuze kwa dakika 10 bila kuiacha itulie. Usiondoke kwenda kupika.
4. Mwaga, kisha suuza kwa maji safi ya baridi mara mbili.
5. Rudia. Chota maji ya kila mzunguko kwenye bakuli jeupe uyalinganishe na ya mzunguko uliotangulia.

Mzunguko wa kwanza maji yanaweza kuwa mazito kama wino. Wa pili yapungue waziwazi. Ukifika wa tatu au wa nne, bakuli linapaswa kuonekana karibu safi, na hapo urudie jaribio la kitambaa cheupe. Kikitoka safi, nguo imefuzu.

Batiki ya kutengenezwa kwa mkono inaweza kutaka maji ya moto zaidi, nyuzijoto 60, kwa sababu rangi iliyobaki bila kushikana hutoka kwa shida kwenye maji ya vuguvugu. Ianzie kwenye 40. Ukiona maji yamekuwa safi lakini kitambaa cheupe bado kinashika, ndipo upande hadi 60 kwa mzunguko mmoja. Na kama baada ya mizunguko mitano maji ni yale yale na nguo yenyewe inaanza kupauka, simama: rangi ile haikushikana na nyuzi kabisa. Nguo hiyo ifuliwe kwa mkono, kwa maji baridi, peke yake. Hakuna kitufe cha mashine kitakachoirekebisha, na ni haki yako kumwambia aliyekuuzia.

Kuhusu chumvi na siki

Ushauri wa kuloweka nguo kwenye maji ya chumvi umeenea kila kona, na una sababu ya kuaminika: ukifanya hivyo, maji yanaonekana safi. Kinachotokea ni kwamba kwenye maji ya chumvi rangi nyingi haziyeyuki vizuri, zinabaki kwenye nguo. Haijashikana. Siku ukiifua kwa maji ya kawaida inatoka kama ilivyokusudia kutoka mwanzo, na safari hii iko ndani ya mashine pamoja na nguo nyingine. Chumvi huwafaa watengeneza batiki wakati wa kupaka rangi. Kwenye kufua inakuficha ukweli tu.

Siki inahusika na rangi za sufu, hariri na nailoni, tena wakati wa kupaka rangi, kwa joto. Haishikizi rangi ya pamba. Na hatari ipo: siki ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Katika chumba kidogo cha kufulia ambacho madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, hilo ni jambo la kuogopa kweli. Visikae kwenye beseni moja hata siku moja.

Mashine ya matangi mawili

Hii ndiyo iliyoko kwenye nyumba nyingi kwa sababu haitegemei maji ya bomba yenye nguvu na inatumia umeme kidogo. Ubaya wake kwa rangi ni kwamba maji yale yale hufulia mafungu mawili au matatu. Mpangilio ndio unaokuokoa: nyeupe tupu kwanza, kisha rangi hafifu, kisha rangi kali, na jinzi mwisho. Usirudi nyuma hata kama umesahau shati moja. Hilo shati lisubiri maji mapya.

Jaza maji ya nyuzijoto 30, weka sabuni, zungusha dakika moja bila nguo. Baridi ya huku hufanya sabuni ya unga igande mafungu madogo, na fungu la sabuni likikaa juu ya kitenge cheusi huacha alama nyeupe ambayo watu huidhani ni kupauka. Ukiona hata dakika hiyo haitoshi, iyeyushe kwenye kikombe cha maji ya moto kabla. Fua rangi kali dakika 5 hadi 6, zisizidi. Zikitoka ziende moja kwa moja kwenye maji safi ya kusuuzia.

Tangi la kukamulia lina kosa lake. Likizunguka, nguo hubanwa ukutani kwa nguvu na maji ya nguo ya ndani hupita kwenye nguo ya nje. Sketi ya bluu ikiwa ndani na shati jeupe nje, ile bluu inachujwa kupitia shati. Nyeupe zikamuliwe peke yake, kila mara, hata kama ni shati moja. Ukimaliza fungu la rangi kali, mimina jagi la maji safi kwenye tangi hilo ulizungushe likiwa tupu nusu dakika.

Mashine ya mlango wa mbele

Kwa mashine ya kilo 7, fungu la rangi kali lisizidi kilo 3 na nusu, yaani nusu ya ngoma. Mashine hizi hutumia maji kidogo kwa makusudi, na ukiijaza, rangi inayotoka haina pa kukimbilia. Chagua nyuzijoto 20 au 30, programu fupi ya dakika 30 hadi 45, na bonyeza kitufe cha kuongeza kusuuza. Sabuni ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya nguo za rangi ni bora kuliko ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya kufulia kwa mkono, ambayo povu lake huzidi na kusuuza kunabaki nusu.

Programu ya pamba ya nyuzijoto 60 iache kwa mashuka na taulo nyeupe. Kitufe cha "Rinse Hold" usikiguse unapofua rangi, kwa sababu kinaziacha nguo ndani ya maji hadi urudi. Na usipange mashine imalize usiku wa manane ili utoe nguo asubuhi.

Karatasi za kudaka rangi, ukizipata, hufanya kazi kweli. Zimewekewa dawa inayovuta rangi iliyo kwenye maji kabla haijafika kwenye nguo. Kipande cha shuka jeupe hakina nguvu hiyo, ila kitupie ndani hata hivyo: kikitoka kimebadilika, unajua kuna nguo kwenye lile fungu haijafuzu.

Tangi la maji nalo linahusika. Mashine nyingi za aina hii zinataka tangi liwe juu yake mita 3 hadi 5 ili maji yaingie kwa nguvu inayotakiwa. Kitabu cha mashine kinaeleza. Simtanki likiwa juu ya kichanja cha mita moja na nusu, maji huingia taratibu, na nguo zilizoloana hukaa dakika nyingi zikisubiri ngoma ijae. Hapo ndipo rangi inapohama, na hakuna anayeshtuka kwa sababu mashine "inafanya kazi". Fungua pia mpira wa maji nyuma ya mashine kila baada ya miezi michache usafishe kichujio kidogo kilichomo. Mchanga wa masika hukiziba.

Umeme ukikatika katikati

Nguo nyingi huharibikia hapa. Umekatika saa nne, ukarudi saa nane, na muda wote huo kitenge kimelala juu ya shati, mbichi.

1. Chomoa plagi kwanza, umeme usije ukarudi mkono wako ukiwa ndani.
2. Kama maji yalikuwa ya moto, subiri yapoe kiasi.
3. Fungua kijilango cha chini mbele ya mashine. Weka sinia au beseni bapa. Kama kuna kimpira chembamba, kivute utoe kizibo. Kama hakipo, legeza kichujio taratibu, maji yatoke kidogo kidogo, ukifunga kila sinia linapojaa.
4. Mlango wa aina nyingi hulegea dakika chache baada ya umeme kukatika. Mashine nyingine zina kikamba cha kuvuta nyuma ya kijilango kile kile. Usiulazimishe kwa bisibisi.
5. Toa nguo zote, zitenganishe, suuza kwa maji baridi kwa mkono na uanike. Usizirundike kwenye beseni kusubiri umeme.

Maji yakikatika badala ya umeme, fanya vivyo hivyo ikiwa mashine imesimama zaidi ya dakika 15.

Kuanika

Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni kavu na upepo upo, nguo za rangi hukauka siku hiyo hiyo. Shida ni miezi ya mvua, na Tukuyu karibu mwaka mzima, nguo inapokaa kambani siku mbili. Nguo mbichi iliyokunjwa juu ya kamba huchuja ikiwa imetulia pale pale: maji hushuka na rangi, yakakusanyikia kwenye pindo la chini na kwenye sehemu mbili zinazogusana. Khanga iibane kwa vibanio pembeni, ining'inie upande mmoja bila kukunjwa. Acha kiganja kimoja kati ya nguo na nguo. Ikamue kwa kasi ya kutosha, mizunguko 1,000 kwa dakika kwa pamba, ili ifike kambani bila kudondosha. Jua kali la moja kwa moja hupausha, hivyo geuza ndani nje.

Shati limeshashika rangi

Usilianike wala kulipiga pasi. Likiwa bado bichi rangi ya kigeni imekaa juu juu. Ikikaushwa kwa joto hung'ang'ania.

Toa nguo iliyochuja, kisha fua shati tena mara moja, peke yake, kwa sabuni na maji ya nyuzijoto 40. Mara nyingi nusu ya rangi huondoka hapo. Iliyobaki, loweka kwa dawa ya kung'arisha isiyo na klorini kwenye maji ya nyuzijoto 40 hadi 60, kwa kipimo cha pakiti, saa moja hadi mbili, ukilitazama. Dawa hiyo inafaa pia kwa nguo ya rangi iliyodaka rangi ya nyingine, ila ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Jiki iwe ya mwisho, na iwe kwa pamba nyeupe tupu: vijiko viwili vya chakula kwa lita 5 za maji baridi, dakika 10, kisha kusuuza mara tatu. Soma lebo, kwa kuwa ukali hutofautiana. Sufu na hariri huliwa na jiki. Nailoni na mipira ya kiunoni hugeuka njano. Beji ya shule iliyodariziwa itapoteza rangi yake, kwa hiyo ikwanyue kwanza.

Baada ya fungu la rangi kali

Futa mkunjo wa mpira wa mlango kwa kitambaa cheupe. Kuna maji yanayobaki mle, kiasi cha kijiko au viwili, na ndiyo yanayochora mstari kwenye shuka linalofuata bila mtu kujua yametoka wapi. Kitambaa kikitoka na rangi, endesha programu ya kusuuza peke yake mashine ikiwa tupu, ufute tena. Safisha kichujio cha chini, toa nyuzi za rangi zilizonasa. Acha mlango na droo ya sabuni wazi hadi ndani kukauke, ndipo uweke nyeupe.